Kitabu Ndani ya Mfuko wa Kijani

Kauthar binti Mansuri hakuwa na nafasi hata ya kupiga miayo. Asubuhi alikwenda shule, darasa la sita. Mchana alirudi akala ugali wa uwele kwa mlenda, akaosha vyombo, akakimbilia madrasa kwa Maalim Mselemu, mzee ambaye hakuhitaji fimbo kwa sababu kikohozi chake peke yake kilitosha kunyamazisha watoto wote. Jioni alifagia mbele ya duka la baba yake na kunyunyiza maji ili vumbi la Singida, ambalo halina adabu kwa mtu yeyote, litulie angalau mpaka magharibi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoifungulia milango biashara. Sabuni ambayo zamani watu waliipangia foleni sasa ilijaa madukani ikitafuta mnunuzi. Yalikuja mabasi mapya, nguo za mitumba, redio za kaseti na vibanda vya video. Vikaja na vitabu vya hadithi, vinene, vyenye picha za rangi kwenye jalada. Mzee Mansuri aliifurahia ruksa ilipohusu sabuni na mafuta ya alizeti. Ilipohusu video na vitabu, alikunja uso.

Kitabu kilichowatia wazimu wanafunzi wa darasa la sita mwaka ule kiliitwa Binti wa Mlima Unaotembea. Kilikuwa mali ya shangazi wa Asnath, shangazi aliyekaa Dodoma. Asnath alikuwa rafiki wa Kauthar, walikaa dawati moja, na baba yake, Yeremia, alikuwa mwinjilisti. Kitabu kilisimulia habari za msichana yatima aliyesafiri juu ya mgongo wa fisi na kujua maneno ya kuamrisha mawe. Akisema, "Mlima, inuka twende," mlima unainuka, unakwenda. Watoto wa Singida wamezaliwa katikati ya mawe makubwa kama nyumba, basi fikiria jinsi walivyokipenda. Walipokezana wakati wa mapumziko, mmoja akisoma kwa sauti na kumi wakisikiliza.

Mdogo wake Asnath, Peniel, mtoto wa miaka minane, naye alisikiliza. Jumamosi moja akapanda jiwe lililo nyuma ya nyumba yao, akatoa amri. Jiwe halikuinuka. Peniel akaona pengine linataka kuhimizwa, akaruka. Alivunjika mkono.

Mji mzima ulishtuka. Anayejua jinsi fisi anavyozungumzwa katika mkoa ule hatashangaa. Kule, mtu kumpanda fisi usiku si jambo la kuchekesha, ni jambo ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini, wakiangalia nyuma. Jumapili Mwinjilisti Yeremia alisimama kanisani akasema kitabu kile ni mlango wa uchawi, na siku atakapokipata atakichoma moto. Ijumaa iliyofuata yakasemwa yale yale nje ya msikiti, ila fisi walikuwa wameongezeka, wamekuwa watatu. Watu walitania kwamba kanisa na msikiti havijawahi kukubaliana upesi namna ile. Na katika wote waliopiga kelele, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisoma.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa Asnath alimvuta Kauthar nyuma ya vyoo vya shule.

"Baba anapekua nyumba nzima," alisema. "Akikipata atakichoma, na mimi shangazi nitamwambia nini? Kaa nacho wewe mpaka shangazi atakapokuja."

"Mimi? Nitakificha wapi?"

"Kwenu kuna duka na stoo. Sisi tuna vyumba viwili tu na baba ameshavipekua."

Kauthar alipaswa kukataa, na alijua hivyo. Lakini kulikuwa na sura tatu za mwisho alizokuwa hajazisoma. Sura hizo ndizo zilizomponza. Akakitia kitabu kwenye mkoba wake.

Jioni ile ile, wakiwa wameketi kwenye mkeka wanakula, Mzee Mansuri aliinua kidole.

"Nisikilizeni wote. Kuna kitabu cha uchawi kinazunguka mjini. Atakayekutwa nacho humu ndani, kesho yake atapanda basi la asubuhi kwenda Kiomboi kwa baba yenu mkubwa. Atakaa huko analima mtama, na shule ataisahau."

"Baba Ashrafu, watoto wanakula," alisema mama yao, Rukaya, kwa upole.

"Ndiyo maana nasema sasa. Mdomo wenye tonge haubishi."

Kauthar alimeza tonge bila kutafuna. Mkoba wake ulikuwa umening'inia ukutani, hatua chache kutoka bega la baba. Na baba yake hakuwa mtu wa vitisho. Alichosema, alifanya.

Usingizi ulimpaa. Lakini asubuhi akapata wazo, na likamfurahisha kama wazo la mtu mwenye akili nyingi. Mawazo ya namna hiyo ndiyo yanayoangusha watu.

Juu ya kabati la sebuleni palikuwa na msahafu wa babu, aliyekuja Singida kutoka Tabora kufanya biashara. Ulikaa ndani ya mfuko wa mahameli ya kijani, umefungwa kwa kamba. Baba alikuwa na msahafu wake mdogo wa kusomea kila siku. Ule wa babu ulishushwa mwezi wa Ramadhani na kwenye hitima tu, na Ramadhani ilikuwa imepita juzi juzi. Hakuna aliyeugusa bila udhu, wala aliyefungua kamba ile bila sababu. Nyumba nzima hapakuwa na mahali salama kuliko pale!

Basi mama alipokwenda sokoni, Kauthar alitia udhu, taratibu, kama alivyofundishwa. Akautoa msahafu kwenye mfuko, akauviringisha ndani ya khanga mpya, akauweka juu kabisa kwenye sanduku la mama, sanduku lililofunguliwa siku za harusi tu. Kisha akaanza kukishindilia kitabu ndani ya mfuko. Jalada lilikuwa gumu na pana, likakataa. Akalibandua, akaenda kulisukumia nyuma ya mapipa ya mafuta kule stoo. Kitabu kilichobaki kikaingia vizuri. Akafunga kamba na kurudisha mfuko juu ya kabati.

Tangu siku hiyo, sebule ikiwa tupu, alikishusha kitabu, akajibanza nyuma ya mapipa, akasoma kurasa chache na kukirudisha. Alizoea.

Alhamisi alikuja mnunuzi wa mafuta kutoka Nduguti, akataka pipa zima. Mzee Mansuri akaingia stoo kulisogeza. Sakafuni akakuta jalada la rangi, na juu yake fisi mwenye meno nje, mgongoni kabeba msichana mwenye nywele zilizotimka. Mzee alimwona fisi kabla ya kuona kitu kingine. Alitoka stoo na jalada mkononi.

Ndani ya stoo ile alilala Ashrafu, kaka yake Kauthar, kijana wa kidato cha pili, ili kulinda mali. Na mwezi mmoja tu nyuma Ashrafu alikuwa ameaga kwamba anakwenda kujisomea kwa rafiki yake, kumbe yuko kwenye kibanda cha video. Mwenye sifa ya namna hiyo, kuku akipotea kijiji kizima yeye ndiye anayeulizwa manyoya.

Kauthar alirudi kutoka shule akamkuta mama ameketi kizingitini, macho mekundu. Sanduku la bati la Ashrafu lilikuwa mlangoni, limeshafungwa. Chumbani sauti ya baba ilikuwa inapanda.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kitabu kiko wapi?"

"Si changu, baba. Wala sikukileta mimi."

"Kimeletwa na nani, na panya?"

Ashrafu hakumtaja mtu.

"Basi la asubuhi," alisema baba. "Nimemaliza."

Kauthar alisimama pale. Alitaka kusema. Akajiambia atasema baada ya chakula. Baada ya chakula akajiambia atasema baada ya alasiri. Aliona aibu, na aliogopa Kiomboi, na kila alivyozidi kuchelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Baada ya sala ya alasiri baba alirudi na Maalim Mselemu. Alitaka mtu wa heshima awe shahidi, watu wasije wakasema amemfukuza mwanawe kwa hasira. Watoto wakaamkia, "Shikamoo Maalim," naye akaitika na kuketi. Akaliangalia jalada kwa muda mrefu.

"Mansuri, kitabu chenyewe umekiona?"

"Nimeona jalada, Maalim. Jalada latosha. Lisemwalo lipo."

Hapo Ashrafu akasimama. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko wa wote.

"Nipeni msahafu wa babu," alisema. "Nitaapa kwamba sikukileta."

Mama alishika kichwa. "Mwanangu, usiseme hivyo!" Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuapia msahafu wa babu, hata siku wajomba walipogombania shamba. Maalim alikohoa.

"Kiapo ni kizito, kijana. Msahafu si kitu cha kutishiana."

"Najua, Maalim. Ndiyo maana nautaka."

Mzee Mansuri alimwangalia mwanawe, kisha bila neno akatoka kwenda kutia udhu. Alirudi ndevu zikichuruzika maji. Akanyoosha mikono juu ya kabati, akaushusha mfuko wa kijani kwa mikono miwili. Akaubusu. Akauweka kwenye paji la uso, akafumba macho, akaubusu tena.

Kauthar aliona yote. Baba yake, ambaye hakukubali hata picha ya mnyama ukutani, alikuwa amembusu fisi, mara mbili, mbele ya Maalim.

Ashrafu alinyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa umebakisha kidogo kuugusa mfuko.

"Asiape!" Kauthar alipiga kelele mpaka mwenyewe akashtuka. "Baba, asiape! Humo ndani si msahafu!"

Hakuna aliyeelewa. Baba alimgeukia kana kwamba amesikia paka akitoa salamu. "Unasema nini wewe?"

"Si msahafu, baba. Ndicho... ndicho kitabu chenyewe. Nilikiweka mimi."

Kamba ilimshinda Mzee Mansuri, Maalim akamsaidia kuifungua. Kikatoka kitabu kisicho na jalada, kurasa zimekunjamana kwa mikono ya darasa zima la sita. Mama akasema, "Astaghfirullah!" akakaa chini sakafuni. Baba alijifuta midomo kwa mkono, akaiangalia mikono yake, akajifuta tena.

"Nimekibusu," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Kauthar hakuwahi kuisikia. "Rukaya, nimekibusu." Kisha hofu nyingine ikamshika, akaruka. "Na msahafu? Msahafu wa baba yangu uko wapi?"

"Kwenye sanduku la mama," Kauthar alilia. "Juu kabisa, ndani ya khanga mpya. Sikuuweka vibaya, wallahi. Nilitia udhu kwanza."

Mama alikimbia, akarudi ameukumbatia msahafu, mzima, safi. Kila mtu akashusha pumzi. Lakini Maalim Mselemu alikuwa bado anamtazama Kauthar.

"Ulitia udhu," alisema polepole, "ukaenda kudanganya."

Hakukohoa, wala hakupandisha sauti. Kauthar angependa kuchapwa kuliko kusikia maneno yale.

Maalim akakiinua kitabu, akakisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti. "'Hapo zamani, katika nchi ambayo haiko na haijapata kuwako, aliishi binti mmoja.'" Akasoma kimya mistari kadhaa, akafunua ukurasa, akasoma tena, mpaka Mzee Mansuri akasogea kitini.

"Fisi simpendi hata kwenye hadithi," Maalim alisema hatimaye. "Sitakuambia kitabu hiki ni kizuri au kibaya, kwa sababu sijakimaliza, na wewe hujakianza. Lakini tangu mstari wa kwanza kimejitaja kuwa ni hadithi. Hakikumdanganya mtu. Uongo umeanza humu ndani, pale mtoto huyu alipokivika nguo ya kitabu kingine."

Mzee Mansuri aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akalishika sanduku la bati na kulirudisha ndani kwa mkono wake mwenyewe.

"Ashrafu, fungua vitu vyako, mwanangu. Nimekuhukumu kwa picha. Nimekosea."

Watoto walipigwa na butwaa. Tangu wazaliwe hawakuwahi kumsikia baba yao akitamka neno lile, na sidhani kama lilikuwa jepesi mdomoni mwake.

"Na Kauthar?" aliuliza mama kwa woga.

"Kauthar haendi Kiomboi. Amesema mwenyewe, ijapokuwa amesema dakika ya mwisho. Lakini kesho tutakwenda naye kwa Mwinjilisti, maana yeye ndiye anayekitafuta kitabu hiki, na atasema tena, mbele ya watu."

Siku ya pili ilikuwa ndefu. Nyumbani kwa Yeremia, Kauthar alieleza yote tangu nyuma ya vyoo mpaka mfuko wa kijani, na Asnath naye akakiri kwa machozi. Mwinjilisti aliposikia kitabu kilivikwa mfuko wa msahafu, alishtuka akaacha kikombe cha chai kikamwagikia suruali.

"Kwenye mfuko wa msahafu? Mzee Mansuri, mimi ningezimia!"

"Nilikaribia, ndugu yangu."

Peniel alikuwa pembeni na plasta yake. "Baba, kitabu hakikuniambia niruke," alisema. "Mlima ndio ulitakiwa kuruka."

Yeremia alimkazia macho, kisha akacheka bila kutaka. Akakubali kwamba alichotaka kukichoma ni mali ya dada yake, tena hakukisoma. Wazee wakaafikiana: Maalim akimaliza kukisoma, Mwinjilisti naye atakisoma, na watazungumza. Mpaka hapo hakuna mtoto atakayekisoma kwa kujificha, na watoto wadogo kama Peniel watasomewa na mtu mzima atakayewaambia waziwazi lipi ni la kweli na lipi limetungwa. Kila mzazi akabaki na uamuzi wa nyumba yake. Sura ya mwisho Kauthar alikuwa hajaifikia, na hakuthubutu kuiulizia.

Jioni alikwenda stoo. Ashrafu alikuwa anapanga madaftari yake.

"Kaka, nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Nilitaka kusema tangu jana mchana. Niliogopa."

"Najua." Ashrafu hakuinua kichwa. "Nilikuona."

"Uliniona lini?"

"Jumatatu, nyuma ya mapipa, unasoma. Nilijua ni wewe tangu baba aliponionyesha lile jalada."

"Ulijua? Mbona hukunitaja?"

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

"Ningeapa kwamba sikukileta, na ni kweli sikukileta. Kama baba asingeniamini, ningepanda basi." Akafunga daftari. "Wewe una miaka kumi na miwili. Kiomboi ungelia kila siku."

Kauthar alijiinamia akalia kwa kwikwi. Jana alikuwa amekaa mchana kutwa akihesabu hofu zake mwenyewe, na mchana ule wote kaka yake alikuwa amezibeba kwa niaba yake, kimya, sanduku likiwa mlangoni.

Mama yao alikuwa amesimama kizingitini na kibatari mkononi. Alikuwa amesikia yote, na machozi yalikuwa yanamtoka. Aliingia, akaketi juu ya gunia la alizeti, akamvuta Kauthar kwake.

"Mwanangu," alisema, "ulidhani unaficha kitabu tu. Lakini kosa ukilificha halikai pale ulipoliweka. Linatoka, linamtafuta mtu mwingine wa kumkalia, na mara nyingi linamkalia yule anayekupenda. Siku nyingine ukikosea, sema mapema. Sema hata kama sauti inatetemeka."

"Nitasema, mama."

"Sasa msaidie kaka yako kupanga vitu vyake," alisema Rukaya, akaweka kibatari juu ya pipa ili waone vizuri.